Endesha Kwanza, Saini Baadaye

Katika shorumu nyingi za magari mapya, siku ya makabidhiano ina taratibu zake. Gari limeoshwa likang'aa, utepe mwekundu umefungwa juu ya boneti, ndugu na jamaa wamekuja na simu za kupigia picha, na ofisa mauzo amesimama pembeni akiwa na funguo mkononi. Kabla funguo hazijatolewa kuna karatasi moja ya kutiwa saini, hati ya makabidhiano, na ndani yake kwa kawaida mna sentensi fupi inayosema kwamba mnunuzi amelikagua gari na amelipokea likiwa katika hali nzuri. Mnunuzi anasaini, picha zinapigwa. Gari lenyewe hajaliendesha hata mita mia. Aliloliendesha wiki kadhaa nyuma ni lile la maonyesho, la aina hiyohiyo na pengine la rangi hiyohiyo, ambalo muuzaji hulitunza kwa kuwa ndilo linalomletea wateja. Ninachodai katika makala haya ni kwamba jaribio lenye maana ni la gari lenyewe, lile ambalo namba yake ya chasisi imeandikwa kwenye ankara, na kwamba linapaswa kufanyika kabla ya saini na kabla shilingi ya mwisho haijatoka mfukoni.

Gari la maonyesho hujibu swali moja tu: je, aina hii inanifaa? Mtu anajua kama kiti kinamkaa, kama anaona vizuri nyuma, kama injini ina nguvu ya kupanda mlima ikiwa na abiria watano. Haliwezi kujibu swali la pili, kama hili atakaloondoka nalo limeunganishwa, limesafirishwa na limeandaliwa ipasavyo. Maswali haya mawili huchanganywa kila siku, na wauzaji hawana haraka ya kuyatenganisha. Magari mawili yaliyotoka kiwandani siku moja yanaweza kufanana kwa kila kitu isipokuwa bolti moja ambayo haikukazwa, au mpira wa mlango ambao haukukaa mahali pake, na hakuna namna ambayo gari la kwanza litakueleza habari za la pili.

Tufuate safari ya gari jipya. Baadhi ya magari mapya ya Afrika Mashariki huunganishwa hapahapa: Isuzu wana kiwanda Nairobi, KVM wapo Thika na AVA wapo Mombasa. Mengine huja kamili kwa meli kutoka Japani, Thailand, India au Afrika Kusini. Kwa vyovyote vile, likishatoka kiwandani gari hukaa. Hukaa uwanjani likisubiri meli, hukaa melini, hukaa bandarini kwenye hewa ya chumvi, kisha hukaa kwenye yadi ya muuzaji hadi mwenyewe apatikane. Huenda ni wiki chache, huenda ni karibu mwaka. Mtambo uliotengenezwa ili utembee hauchoshwi na kutembea peke yake. Kukaa nako kunauchosha. Betri ya kawaida iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.6. Ikiachwa ishuke na kubaki hivyo kwa miezi, sahani zake za risasi hujenga tabaka la salfeti, na uwezo uliopotea haurudi wote hata ikichajiwa usiku kucha. Matairi yaliyobeba uzito mahali pamoja hupata ubapa. Diski za breki hushika kutu. Panya nao, wanaopenda joto na giza la chini ya boneti, hawaulizi kama nyaya wanazotafuna ni za gari jipya.

Ndiyo maana watengenezaji wakubwa huwataka wauzaji wao walifanyie kila gari ukaguzi wa maandalizi kabla ya kumkabidhi mteja. Kiwandani gari huandaliwa kwa ajili ya safari, halijaandaliwa kwa ajili yako. Baadhi hutoka yakiwa na fyuzi zilizochomolewa, au kompyuta zake zikiwa zimewekwa katika hali ya usafirishaji ili zisinyonye betri. Baadhi huwekewa vipande vya kuzuia springi zisicheze meli inapoyumba. Matairi hujazwa upepo kupita kiasi ili yasiingie ubapa. Fundi wa muuzaji ndiye anayepaswa kurudisha yote hayo katika hali ya kawaida, akiwa na orodha ndefu mkononi, magari mengine yakimsubiri kwenye foleni na idara ya mauzo ikimsukuma kwa sababu mwezi unakwisha. Hatuna haja ya kumdhania ubaya. Tunachohitaji ni njia ya kujua kama kazi imefanyika.

Njia rahisi kuliko zote iko kwenye matairi. Fungua mlango wa dereva utazame nguzo ambayo mlango hujifungia; hapo pamebandikwa kibandiko kidogo chenye namba za upepo unaotakiwa, tuseme 33 mbele na 33 nyuma. Chukua geji, hata ile ya bei nafuu inayouzwa kwenye maduka ya vipuri, upime matairi yote manne ukiwa bado hujaliondoa gari, maana tairi lililopata joto husoma zaidi. Ukikuta 45 au 50, aliyepaswa kupitia orodha hakuyafikia matairi. Na kama hakufikia kitu kinachoonekana kwa nje, cha dakika tano tu, huna sababu ya kuamini kwamba alilala chini ya gari akatazama springi na bolti. Hapohapo soma ubavuni mwa tairi zile tarakimu nne zinazoonyesha lilitengenezwa lini: 2324 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Matairi yaliyo mbali sana na tarehe ya gari, au moja lisilolingana na wenzake, yanastahili swali.

Kwamba magari mapya huja na kasoro si uvumi wa gereji. Kampuni ya Marekani ya J.D. Power kila mwaka huwauliza wanunuzi wa nchini humo ni matatizo gani wameyaona katika siku 90 za mwanzo za kumiliki gari jipya. Mwaka 2023 wastani ulikuwa matatizo 192 kwa kila magari 100, yaani karibu mawili kwa kila gari. Namba hiyo isisomwe kwa pupa. Marekani si Tanzania, na mengi ya matatizo hayo yanahusu skrini, kuunganisha simu na vyombo vya kumsaidia dereva, wala si injini inayokufa katikati ya pori la Mikumi. Lakini tazama hayo malalamiko ni ya namna gani. Skrini inayoganda, kamera ya nyuma isiyowaka, kiyoyozi kinachopuliza upande mmoja, kufuli lisiloitika: hivi ni vitu ambavyo mtu wa kawaida, asiyejua hata jina la bomba la redieta, angevigundua ndani ya nusu saa akiwa amekaa kwenye kiti akibonyeza kila kitufe. Vinagunduliwa na wamiliki kwa sababu hakuna aliyevitafuta kabla hawajawa wamiliki.

Sasa tuje kwenye saini, maana hapo ndipo nusu saa hiyo inapopata thamani yake ya fedha. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, na ile ya Tanzania, Sura ya 214, zote mbili zimezaliwa na sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Humo mna kanuni ambayo wanunuzi wengi hawaijui: mtu aliyeletewa bidhaa ambayo hakuwahi kuikagua hahesabiwi kuwa ameipokea mpaka apate nafasi ya kutosha ya kuikagua, na akiiomba nafasi hiyo, muuzaji anapaswa kumpa, isipokuwa kama wamekubaliana vinginevyo. Upande wa pili wa kanuni ni mkali. Ukishamweleza muuzaji kwamba umeipokea bidhaa, au ukikaa nayo muda wa kutosha bila kuikataa, haki ya kuirudisha na kudai fedha zako hupotea. Unabaki na haki ya kudai fidia tu. Hati ya makabidhiano ndiyo hasa tamko la kupokea. Ile sentensi fupi inayosema "katika hali nzuri" hufunga mlango mkubwa na kukuachia dirisha.

Jinsi mlango huo unavyofungwa inaonekana katika kesi ya Uingereza iliyoamuliwa mwaka 1987. Mnunuzi alichukua gari jipya aina ya Nissan mwezi Desemba 1984. Takriban wiki tatu baadaye, likiwa limetembea kama maili 140 tu, injini ilikwama barabarani. Ilibainika kwamba tone la gundi ya kuzibia, lililobaki ndani wakati wa kuunganisha injini, lilikuwa limeziba njia ya mafuta ya kulainishia. Mahakama ilikubali kwamba gari halikuwa na ubora uliostahili kuuzwa. Hata hivyo ilisema mnunuzi alikuwa amekaa nalo muda uliotosha kulijaribu, kwa hiyo haki ya kulikataa ilikuwa imekwisha. Alipata fidia ndogo na gari lililotengenezwa. Waingereza wenyewe wamerekebisha mambo tangu wakati huo, na Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015 inampa mlaji wa kwao siku 30 za kukataa bidhaa mbovu. Katika sheria zetu za uuzaji wa bidhaa hakuna siku zilizohesabiwa namna hiyo. Kuna "muda wa kutosha", na kutosha kwake utakuja kuambiwa na hakimu.

Ninakiri kwamba tone la gundi ndani ya injini lisingeonekana kwa kuendesha nusu saa. Kesi hiyo naileta kwa sababu nyingine: inaonyesha jinsi dirisha la kukataa gari linavyoweza kufungwa mapema, hata kasoro ikiwa kubwa na hata mnunuzi akiwa hana kosa. Ikiwa mahakama iliweza kuona wiki tatu kuwa ni muda wa kutosha, basi dakika ambazo mnunuzi anashikilia turufu zote ni zile za kabla ya kusaini. Wakati huo muuzaji anataka kumaliza, benki inasubiri uthibitisho ili itoe mkopo, na ofisa mauzo hajapata kamisheni yake. Kasoro iliyoonekana saa nne asubuhi, kabla ya saini, ni tatizo la muuzaji. Kasoro hiyohiyo ikionekana saa sita, baada ya saini, ni ombi lako.

Wengi watajibu kwamba ndiyo kazi ya waranti. Gari jipya huja na ahadi ya miaka kadhaa, mara nyingi miaka 3 au kilomita 100,000, kimoja kikitangulia, basi kwa nini mtu ajisumbue? Kwa sababu waranti ni ahadi ya kutengeneza, na kutengeneza si sawa na kupewa gari zima. Ukiitumia, gari linarudi gereji, kipuri kinaagizwa, na wewe unapanda bodaboda huku marejesho ya benki yakikatwa kama kawaida. Tena waranti hulenga kasoro za kiwandani. Mkwaruzo kwenye bampa, kibonyeo kidogo mlangoni, rimu iliyogonga ukingo wakati wa kushushwa melini, kioo chenye alama ya jiwe: hivyo muuzaji atasema ulivipata mwenyewe barabarani, na huna cha kumjibu kwa kuwa umesaini. Tairi na betri nazo mara nyingi huwa na masharti yao mafupi. Waranti ni nzuri, na mtu asinunue gari jipya bila hiyo. Inashughulikia yale ambayo jaribio haliwezi kuyaona, na haina nguvu hasa katika yale ambayo jaribio lingeyaona kwa urahisi.

Pingamizi jingine ni la heshima kwa viwanda: Wajapani wamekwisha kulipima, wewe ni nani ulipime tena? Heshima hiyo wameistahili, lakini muhuri wa ukaguzi si ukaguzi wenyewe. Oktoba 2017 Nissan iliyaita magari yapatayo milioni 1.2 nchini Japani baada ya kubainika kwamba ukaguzi wa mwisho kiwandani ulikuwa ukifanywa na watu wasio na idhini inayotakiwa. Subaru ikafuata kwa kosa kama hilo. Desemba 2023 Daihatsu ilisimamisha usafirishaji wa magari yake yote baada ya jopo huru kukuta udanganyifu katika majaribio ya usalama yaliyogusa aina 64 za magari. Matukio haya hayana maana kwamba magari hayo yalikuwa mabovu, na itakuwa uonevu kuyatumia hivyo. Yanaonyesha tu kwamba hata mahali penye nidhamu inayosifiwa dunia nzima, karatasi inaweza kusema kitu ambacho hakikufanyika. Sembuse orodha ya maandalizi iliyojazwa vema vema, kwa kalamu moja na kwa mkono mmoja, kwenye yadi yenye magari arobaini.

Jaribio lenyewe lianze injini ikiwa baridi. Gusa boneti ukifika. Ikiwa ya moto, kuna mtu aliyelitangulia, na kelele za kuwasha injini baridi, ambazo ndizo zenye habari nyingi, zimekwisha kupita. Zima redio. Washa, usikilize sekunde za mwanzo, kisha tazama dashibodi: taa zote za onyo zinapaswa kuwaka unapofungua swichi, na kuzimika injini inapokamata. Taa isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayowaka. Gari la otomatiki lihamishe kutoka P kwenda R, kisha D, mguu ukiwa kwenye breki. Liingie gia bila kuchelewa na bila kugonga. Ukiwa bado umesimama, acha kiyoyozi kifanye kazi kwa nguvu zote kwa dakika kumi na uangalie kipimo cha joto la injini, kwa sababu foleni ya Ubungo au ya Mombasa Road haitakupa mazingira bora zaidi ya hayo.

Njia utakayopita ichague wewe, wala usikubali mzunguko wa kuzunguka jengo la shorumu. Unahitaji matuta, kipande kibovu, mlima wa kuondokea ukiwa umesimama, na barabara iliyonyooka ya kufikisha kilomita 80 kwa saa. Kwenye matuta sikiliza chini na sikiliza dashibodi. Gari jipya linalolia kama kitanda cha chuma halitanyamaza likizeeka. Mlimani, hasa kwa magari madogo yenye gia za mkanda zinazojulikana kama CVT, ondoka polepole: likitetemeka au likisitasita kabla ya kukamata, andika. Kwenye mnyooko, ukiwa salama, legeza mikono kidogo uone kama linavuta. Hapa watu wengi hudanganyika, kwa hiyo ni vema kufafanua. Barabara zetu nyingi zimejengwa zikiinamia kando ili maji ya mvua yatiririke mtaroni, na kwa kuwa tunaendesha upande wa kushoto, gari zima kabisa litaelekea kushoto kidogo. Hilo si kasoro. Likivuta kulia kinyume na mwinamo, au likivuta pia kwenye uwanja tambarare, au usukani ukikaa kombo wakati gari linakwenda moja kwa moja, hapo alaimenti haikufanywa au kuna kitu kimepinda.

Mtetemo nao una lugha yake. Ubapa wa matairi uliotokana na kukaa hutoa mtetemo unaopungua kadiri matairi yanavyopata joto. Baada ya kilomita kumi au ishirini unapaswa kuwa umekwisha. Ukibaki palepale, na hasa ukizidi mwendo unapofika 80, omba matairi yabalansiwe upya mbele yako kabla ya mazungumzo mengine. Breki zenye kutu ya juujuu hukwaruza mara chache za mwanzo kisha hunyamaza. Usukani ukitikisika kila unapofunga breki kwa upole kutoka mwendo mkubwa, tatizo liko kwenye diski na halitaondoka kwa maneno. Mahali peupe pasipo mtu nyuma, kutoka kilomita 50 kwa saa, funga breki kwa nguvu mara moja: pedali itapigapiga chini ya mguu, na huo ni mfumo wa kuzuia magurudumu yasikwame ukifanya kazi yake. Ukirudi, egesha, subiri dakika kumi, uiname utazame chini. Maji safi yanayodondoka karibu na kiti cha abiria ni ya kiyoyozi. Chochote chenye rangi au utelezi kinahitaji maelezo.

Wapo watakaosema kwamba injini mpya haitakiwi kusumbuliwa, na ni kweli kwamba vitabu vingi vya wamiliki hushauri upole kwa kilomita za mwanzo, kiasi cha 1,000 kwa mingi yake. Upole huo unahusu kukanyaga mafuta hadi mwisho, kushikilia mwendo mmoja kwa saa nyingi na kuvuta tela. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichomo katika jaribio nililolieleza. Hata breki moja ya nguvu si mateso kwa injini. Kuhusu kilomita ishirini au thelathini zitakazosomeka kwenye dashibodi, mnunuzi mwenye busara atazipendelea kuliko sifuri isiyojua lolote.

Pingamizi la namba na bima lina uzito zaidi. Gari ambalo halijasajiliwa haliruhusiwi kuingia barabarani hivihivi, na muuzaji ana haki ya kuogopa ajali. Lakini wafanyabiashara wa magari wanaofuata utaratibu huwa na namba maalumu za kutembezea magari ambayo hayajasajiliwa, na huwa na bima inayoyahusu. La sivyo wangeyatoaje bandarini? Ofisa wao akae kiti cha mbele, na hata akitaka kuendesha yeye mwanzo na mwisho wa safari, sawa. Kama haiwezekani kabisa, gari lisajiliwe kwanza na bima ikatwe, kisha lijaribiwe likiwa na namba zake kabla ya kusaini makabidhiano. Usajili unaweza kutangulia, kupokea kusitangulie.

Kwa wasomaji wengi, hata hivyo, "gari jipya" ni lile lililokwisha kutumika Japani. Hapo hoja yangu inabadilika nguvu kulingana na mahali unaponunua. Ukinunua kwenye yadi ya Mombasa au Dar es Salaam, inasimama yote, na kwa kuwa gari limekwisha kutumika, jaribio linapaswa kuwa refu zaidi, ukiwa na fundi wako na mashine ya kusoma hitilafu. Usiridhishwe na vyeti peke yake. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8, na kiwango cha KS 1515 hutaka likaguliwe kabla ya kusafirishwa. Karatasi ya mnada ya Japani nayo hutoa alama kama 4 au 4.5, au herufi R kwa lililowahi kugongwa na kutengenezwa. Yote hayo ni habari za upande wa pili wa bahari, kabla ya meli na kabla ya yadi. Ukiagiza mwenyewe kwa mtandao, unalipa gari likiwa bado Yokohama, na jaribio litakuja wakati fedha zimekwisha kwenda. Unafuu wa bei unaoupata hapo ni malipo ya kubeba hatari hiyo. Bado likague bandarini kabla ya kusaini kulipokea, kwa sababu madai ya jeki, redio au tairi la akiba lililopotea njiani hufa haraka yasipoandikwa siku hiyohiyo.

Kuna wakili anayeweza kunipinga kwa hoja nzito kuliko zote. Sheria hiyohiyo ya uuzaji wa bidhaa inasema kwamba mnunuzi aliyekagua bidhaa hawezi kudai ubora kuhusu kasoro ambazo ukaguzi huo ulipaswa kuzifichua. Je, si afadhali kutokagua kabisa, ili haki zote zibaki? Hoja hii inapendeza darasani. Kwanza, kinachopotea ni kile tu ambacho ukaguzi wa namna hiyo ungekionyesha. Mtu asiye fundi aliyeendesha nusu saa hatarajiwi kuwa ameona ndani ya giaboksi. Pili, alichokiona atakuwa amekiandika na muuzaji amekisaini, kwa hiyo hakihitaji tena kudaiwa kwa kanuni ya jumla. Tatu, na hapa ndipo hoja inapoanguka, mnunuzi wetu wa shorumu hakukaa kimya. Ametia saini karatasi inayosema amekagua. Amejiwekea ushahidi dhidi yake mwenyewe bila kupata faida yoyote ya ukaguzi.

Kasoro ikionekana, iandikwe kwenye hati yenyewe, kwa kalamu, pamoja na tarehe ambayo itakuwa imetengenezwa, na nakala ibaki kwako. Kwa kasoro ndogo hiyo inatosha. Kwa kasoro ya breki, usukani, giaboksi au injini, usisaini. Omba gari jingine au utoe muda wa kulitengeneza, kisha jaribio lirudiwe mwanzo hadi mwisho. Yote haya ni rahisi zaidi kama yamekubaliwa mapema, wakati muuzaji bado anakubembeleza. Kwa hiyo ikiwa unajiandaa kuagiza gari, kabla hujalipa amana omba fomu ya oda iongezwe sentensi moja: kwamba mnunuzi ataliendesha gari lenye namba ya chasisi iliyotajwa, barabarani, kwa umbali usiopungua kilomita 20, kabla ya kusaini makabidhiano na kabla ya malipo ya mwisho. Muuzaji anayekataa kuiandika sentensi hiyo, mwachie gari lake.